Uvimbe Nyuma ya Kisigino Usitobolewe

Katika mashamba yanayomwagiliwa maji kando ya mto Tana, kutoka Nanighi hadi Bura na kuendelea mpaka Hola, kisigino cha mkulima hakipati raha. Asubuhi mkulima hupanda ukingo wa mfereji, hushuka upande wa pili, huchuchumaa kuweka saifoni, kisha hupanda tena. Akina mama nao hutoka mtoni na mtungi wa lita 20, ambao maji yake peke yake ni kilo 20, wakiupanda ukingo wa mto uliosimama wima. Wengi huvaa gambuti za mpira, na wengine huvaa akala zilizokatwa katika gurudumu la gari. Basi si ajabu mtu kuamka siku moja na kuona nyuma ya kisigino chake pamevimba, pana joto, na kiatu hakivaliki.

Wakulima wa skimu wanajua kwamba zamu ya maji haimngoji mgonjwa. Kwa sababu hiyo mtu mwenye uvimbe huu hushawishika kufanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili ni mabaya. Ama huendelea kupanda na kushuka akichechemea mpaka uvimbe wa siku chache unakuwa ugonjwa wa miezi. Ama humwita mtu mwenye wembe au sindano autoboe ili "maji mabaya" yatoke. Hili la pili ndilo la hatari zaidi. Uvimbe ambao ungalipona kwa kuondoa tu kiatu kinachosugua huweza kugeuka jipu, na jipu mahali hapo ni jirani ya mfupa na ya ile kano kubwa inayomwezesha mtu kutembea. Ni vizuri basi kila mkulima ajue kilichomo nyuma ya kisigino chake kabla hajaruhusu kisu kipite hapo.

Kisigino kilivyoumbwa

Kila mtu aliyeona mbuzi akichunwa anaijua sehemu tunayotaka kuieleza. Mchinjaji akitaka kumtundika mbuzi, hutoboa tundu katika mguu wa nyuma, akapitisha kamba au ndoano kati ya mfupa na ile kano nene iliyo nyuma yake. Kano hiyo hustahimili uzito wote wa mnyama. Hata ng'ombe mzima hutundikwa hivyo. Tena, kiungo kile ambacho watu wengi hukiita goti la nyuma la mbuzi si goti. Ni kisigino chake, kwa maana mbuzi hutembea kwa ncha za vidole, na kisigino chake kimeinuliwa juu. Goti lenyewe liko juu zaidi, karibu na tumbo. Ile nafasi ndogo ambamo ndoano hupita ndiyo nafasi tutakayoizungumzia.

Sasa uguse mguu wako mwenyewe. Keti, uvue kiatu, ushike nyuma ya mguu juu kidogo ya kisigino kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Utashika kitu kigumu kama kamba nene. Hiyo ndiyo kano ya kisigino. Imetoka katika misuli ya shavu la mguu, ina urefu wa sentimita 15 hivi, nayo ni nene na ina nguvu kuliko kano zote za mwili. Mtu akikimbia, kano hiyo hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Wazungu waliipa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale ambaye hakuweza kuuawa ila kwa kupigwa kisigino. Wachinjaji wetu hawakuhitaji hadithi hiyo ili wajue nguvu zake. Mwisho wa kano uko katika mfupa wa kisigino, ambao ni mkubwa kuliko yote katika mifupa 26 ya wayo.

Kano haikushikamana na mfupa huo tangu juu. Imejishika katikati ya upande wa nyuma na kushuka chini. Pembe ya juu ya mfupa ni laini, na kano hupita nyuma yake bila kushikana nayo, kama kamba ya ndoo ipitavyo juu ya ukingo wa kisima. Kamba ikisugua ukingo kila siku hulika, mwisho hukatika. Ili kano isilike hivyo, pana kifuko chembamba kati yake na mfupa, chenye ute kidogo unaoteleza kama ute wa yai. Madaktari hukiita bursa, neno la Kilatini lenye maana ya mfuko wa fedha. Ukitaka kukielewa, chukua kipande cha utumbo wa mbuzi uliooshwa, tia ndani matone machache ya mafuta, funga ncha zote mbili, kisha kiweke kati ya viganja vyako na usugue. Utaona kwamba viganja vyasogea huku na huku, lakini havigusani.

Mwili wa mtu una vifuko vya namna hii zaidi ya 100: penye bega, kiwiko, nyonga, goti, na mahali pengine pengi ambapo kano au ngozi hupita juu ya mfupa. Hiki cha kisigino ni kidogo. Ute wake wote ni mililita 1 hivi, wala haufiki robo ya kijiko cha chai. Umbo lake ni kama mwezi mwandamo, na pembe zake zashuka pande mbili za kano. Ndiyo sababu kikivimba mtu huona pamejaa kulia na kushoto kwa kano, mahali ambapo mguu mzima una mabonde mawili madogo.

Kipo kifuko cha pili, kilicho nje zaidi, kati ya kano na ngozi. Hiki ni cha ajabu, kwa sababu watu wengi hawakuzaliwa nacho. Ngozi ikisuguliwa na kiatu mwaka baada ya mwaka, mwili hujitengenezea kifuko hapo ili kujikinga, kama vile kiganja kinavyoota sugu kwa ajili ya mpini wa jembe. Kifuko cha nje huumia zaidi kwa ajili ya kiatu, na kifuko cha ndani huumia kwa kiatu na kwa kazi pia. Kwa mtu mmoja vyote viwili vyaweza kuvimba pamoja.

Kwa nini huvimba

Ute wa kifuko hutengenezwa na utando mwembamba ulio ndani yake. Utando huo ukibanwa na kusuguliwa kupita kiasi huumia, damu huongezeka mahali pale, joto hupanda, nao humimina ute mwingi kuliko kawaida. Ute huo si sumu wala si maji machafu. Ni ule ule wa kulainisha, ila umezidi. Mtu akiutoa kwa sindano bila kuondoa kinachosugua, kifuko kitajaa tena. Ni sawa na kuchota maji ndani ya mtumbwi bila kuziba tundu. Tena kifuko kilichovimba huchukua nafasi kubwa ndani ya kiatu, kwa hiyo hubanwa zaidi, na kwa kubanwa zaidi huvimba zaidi. Ukuta wake ukiendelea kuumia miezi mingi huwa mnene na mgumu, na hapo kupona huchelewa.

Kifuko hubanwa zaidi wakati gani? Simama, kisha piga hatua kama mtu apandaye mlima. Mbele ya mguu huinuka kuelekea goti, kano hukazwa, nayo hukandamiza kifuko juu ya pembe ya mfupa. Hivyo ndivyo mguu ulivyo kila mtu apandapo ukingo wa mfereji, na kila achuchumaapo huku visigino vimegusa ardhi. Sasa simama kwa ncha za vidole. Kano huondoka mfupani, na kifuko hupata nafasi. Jambo hili ulikumbuke, kwa maana msaada mkubwa wa ugonjwa huu umetoka hapo.

Udongo wetu nao una sehemu yake. Mashamba ya Bura, ambayo maji yake yalipandishwa kutoka mtoni kwa pampu zilizojengwa Nanighi, yana udongo mzito wa mfinyanzi. Ukilowa hushika gambuti kama gundi. Mkulima akivuta mguu, kisigino hupanda ndani ya gambuti kabla ya gambuti yenyewe kunyanyuka, kisha hushuka tena. Hesabu hatua za siku moja ya kumwagilia, utaona kisigino kimesuguliwa mara elfu kadhaa. Gambuti iliyo kubwa kuliko mguu ni mbaya zaidi, na katika nyumba nyingi jozi moja huvaliwa na baba, mama na kijana kwa zamu.

Akala hazina kosa hilo, lakini mkanda wake wa nyuma ukikaa juu ya kano husugua kama msumeno, hasa ukiwa na ukingo mkali uliokatwa kwa kisu kibaya. Viatu vya mitumba vina hila ya namna yake: mgongo wake umekwisha kufinyangwa na kisigino cha mtu mwingine. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Uswidi, Patrick Haglund, alieleza jinsi pembe ya juu ya mfupa wa kisigino inavyoweza kutokeza nyuma kama nundu na kusuguliwa na viatu vyenye mgongo mgumu. Nundu hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Mwenye nundu kama hiyo hana haja ya kuogopa. Yampasa tu kuchagua kiatu kwa uangalifu kuliko wengine.

Umri nao huongeza taabu. Wakulima wa kwanza wa skimu ya Bura waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyefika akiwa kijana mwenye nguvu sasa ni mzee, na kano ya mzee haivutiki kama ya kijana. Kazi ambayo zamani haikumwuma sasa yaweza kumwuma, hata kama shamba ni lile lile na jembe ni lile lile.

Mwisho, wako watu ambao kisigino chao huvimba bila kiatu wala kazi kuwa na hatia. Gauti huweza kuingia katika kifuko hiki. Hiyo huja ghafula, mara nyingi usiku, na maumivu yake ni makali hata shuka haivumiliki. Baridi yabisi huvimbisha kifuko cha ndani, na kwa kawaida viungo vya mikono navyo huvimba. Kijana ambaye visigino vyote viwili vyamwuma, na ambaye mgongo wake huwa mkavu kila asubuhi mpaka atembee kwa muda mrefu, yafaa apimwe na daktari, kwa kuwa ugonjwa wake huenda ni wa mwili mzima wala si wa kisigino peke yake.

Usichanganye na mambo mengine

Si kila maumivu ya kisigino ni ya kifuko. Maumivu yakiwa chini ya kisigino, pale panapokanyaga, na yakiwa mabaya kwa hatua za kwanza baada ya kuamka, hayo ni ya utando wa unyayo. Yakiwa kwenye kano yenyewe, upana wa vidole viwili au vitatu juu ya kisigino, basi kano ndiyo inayougua. Ya kifuko cha ndani hujulikana hivi: weka kidole gumba upande mmoja na kidole cha shahada upande wa pili, mbele kidogo ya kano, juu kidogo ya mfupa, ubonyeze polepole. Ukiruka kwa maumivu, na mabonde yale mawili yamejaa, huenda kifuko ndicho kilichovimba. Kifuko cha nje hakihitaji kutafutwa. Huonekana kwa macho kama kivimbe laini chini ya ngozi, mahali pale pale kiatu kinapogusa.

Yapo mambo matatu ambayo hayangoji.

La kwanza ni kukatika kwa kano. Mtu husikia kishindo, au hudhani amepigwa teke nyuma ya mguu, akigeuka haoni mtu. Hawezi tena kusimama kwa ncha za vidole vya mguu ule. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha kamua shavu la mguu wake. Mguu mzima, ukikamuliwa, wayo wake hujisogeza. Usiposogea, kano imekatika, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

La pili ni mwiba wa mathenge. Mti huu uliletwa Bura mapema katika miaka ya 1980 ili watu wa skimu wapate kuni, nao umeenea kando ya mifereji na mto mpaka watu wameuchoka. Mwiba wake hupenya akala, na hata gurudumu la pikipiki. Ncha ikivunjikia ndani ya kisigino, ngozi yaweza kufunga na mtu akasahau, kisha majuma kadhaa baadaye pakavimba. Mwambie mganga kama ulichomwa, hata kama ni zamani, kwa sababu mwiba ni mti, na picha ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi; kipimo cha altrasaundi huweza kuuona. Mtu aliyechomwa na mwiba aulize pia habari ya sindano ya pepopunda.

La tatu ni usaha ndani ya kifuko. Vijidudu huingia kwa njia ya magaga yaliyopasuka, lengelenge lililochubuka, mwiba, au wembe wa mtu mwenye nia njema. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi inayong'aa, joto lake ni kali, maumivu hayatulii hata ukiuweka mguu juu, na mwili hupata homa na baridi. Hapo nenda hospitali mara moja, usingoje siku ya soko. Wenye kisukari wawe waangalifu kuliko wote, kwa kuwa miguu yao huenda haina hisia za kutosha, na kidonda kikubwa chaweza kukua bila kuuma.

Daktari huweza kutoa maji ya kifuko kwa sindano, hasa akitaka kuyapima aone kama yana vijidudu au gauti. Msomaji ataniuliza tofauti yake na fundi wa kijijini ni nini, ikiwa wote hutoboa. Tofauti ni kwamba sindano ya daktari haina vijidudu, ngozi imesafishwa kwa dawa, naye anajua kano ilipo. Wembe uliotumika kunyolea hauna hata moja kati ya hayo. Kuchoma kwa chuma cha moto nako hakufiki kwenye kifuko; huunguza ngozi tu, na ngozi iliyoungua ni mlango wazi.

La kufanya nyumbani

Kama hakuna mojawapo ya hatari tulizotaja, anza kwa kuondoa kinachobana. Acha kiatu chenye mgongo kwa majuma mawili au matatu, uvae ndara zisizogusa nyuma ya kisigino. Mwenye akala alegeze mkanda wa nyuma au auteremshe, na ukingo wake auzungushie kitambaa laini. Kwa kifuko cha nje, tiba hii peke yake mara nyingi yatosha.

Kwa kifuko cha ndani, inua kisigino. Kata kipande cha mpira au sponji ngumu chenye unene wa sentimita 1 hivi, kilingane na kisigino, ukiweke ndani ya kiatu au ukigundishe juu ya ndara. Weka katika viatu vyote viwili, hata kama mguu mmoja ndio unaouma, maana mtu mwenye mguu mmoja mrefu atapata maumivu ya kiuno. Kipande hiki hakina thamani hata ya shilingi 50, lakini kazi yake ni ile tuliyoieleza: kano huondoka juu ya pembe ya mfupa, na kifuko hupumua.

Kupumzika hakuna maana ya kulala. Mwenye kisigino kibovu anaweza kupalilia mahali palipo tambarare, kuchambua mbegu, kutengeneza vifaa, kulinda ndege. Asichoweza ni kupanda kingo, kuchuchumaa kwa muda mrefu, na kubeba mizigo mizito mlimani. Hapa ndipo ujirani unapohitajika. Zungumza na kamati ya maji mapema, kabla siku yako haijafika, mbadilishane kazi na jirani: yeye aweke saifoni zako, nawe umfanyie kazi yake ya kukaa. Mama apandaye mtoni apewe msaada wa kijana au punda. Katika nyumba nyingi mzigo wa mama hauhesabiwi kuwa kazi, na ndiyo sababu kisigino chake huchelewa kupona kuliko cha mumewe.

Barafu haipatikani kwa urahisi Nanighi, lakini maji ya mtungi wa udongo yanafaa. Lowesha kitambaa, uzungushie kisigino kwa robo saa, mara tatu au nne kwa siku, mguu ukiwa juu ya kiti. Usikande kwa maji ya moto wakati uvimbe ungali na joto. Utaongeza damu mahali ambapo imekwisha kuzidi. Kusugua kwa nguvu na mafuta yanayowasha nako hakusaidii. Ugonjwa umetokana na kusuguliwa.

Dawa za maumivu zinauzwa kila duka, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Parasetamoli hupunguza maumivu ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu na uvimbe pia, lakini huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu afanyaye kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Katika joto la Tana hilo si jambo dogo. Zisitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba bila kumwuliza mganga, wala zisinywewe kwa majuma mfululizo kwa kununua dukani tu.

Dawa moja yataka onyo la peke yake. Siprofloksasini hununuliwa na watu wengi kwa ajili ya tumbo au mkojo. Mwaka 2008 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru pakiti zake ziandikwe onyo kali kwamba dawa za jamii hiyo huweza kudhoofisha kano na hata kuzikata, na kano ya kisigino ndiyo huumia zaidi. Hatari ni kubwa kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya steroidi. Ukianza kuumwa kano ukiwa unatumia dawa hiyo, rudi kwa aliyekupa ili akubadilishie. Usiinywe kamwe kwa kudhani itatibu uvimbe wa kisigino usio na usaha.

Vivyo hivyo sindano ya steroidi. Inapotiwa ndani ya kifuko na mtu mwenye ujuzi huweza kupunguza uvimbe, lakini ikiingia katika kano huidhoofisha, na baadaye kano yaweza kukatika mtu akiwa anatembea tu. Mtu asikubali kuchomwa sindano hiyo dukani. Kazi hiyo ni ya hospitali, kama ile ya Bura, ya Hola au ya Garissa. Upasuaji wa kuondoa kifuko au kuchonga nundu ya mfupa upo, lakini hufanywa kwa wachache, baada ya miezi mingi ya kujaribu njia hizi nyingine.

Uvimbe ukianza kupungua, nyosha misuli ya shavu la mguu. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, uegemee ukuta mpaka uone misuli yavutika bila maumivu kisiginoni. Hesabu mpaka 30, urudie mara tatu, asubuhi na jioni. Usining'inize kisigino nje ya ngazi au ukingo wa mfereji. Zoezi hilo huwafaa wenye ugonjwa wa kano ya katikati, lakini kwa kifuko hurudisha ule ule mbano tuliotaka kuuondoa.

Watu wengi hupata nafuu katika majuma machache, na kupona kabisa huweza kuchukua majuma 6 hadi 12. Uvimbe usipopungua baada ya majuma 3 ya kufanya haya yote, nenda ukapimwe. Kabla ya kurudi kwenye zamu ya usiku, jaribu kuinuka kwa ncha za vidole vya mguu mmoja mara kumi. Ukiweza bila maumivu, anza kazi ya kingo kwa nusu siku, na mama aanze kwa mtungi wa lita 10.

Wakati wa kununua gambuti nyingine, ijaribu jioni, miguu ikiwa imepanuka, ukiwa umevaa soksi nene. Tembea nayo dukani, upande ngazi kama ipo. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, mwambie mwenye duka alete namba ndogo zaidi. Gambuti ya zamani iliyopasuka usiitupe. Ikate mgongo wote mpaka usawa wa unyayo, iwe ndara ya kuvaa uani siku ambazo kisigino kinataka kupumzika; lakini usiende nayo shambani kwenye mathenge.